Phalaris yupi? Nyasi ya kanari na mtawala wa fahali wa shaba

Jirani yetu mmoja hapa Ilala anafuga kanari wawili kwenye tundu lililoning'inizwa barazani. Siku moja mwanawe wa kidato cha pili aliokota pakiti ya chakula cha ndege, akasoma maandishi madogo ya mlazo yaliyo nyuma, Phalaris canariensis, kisha akaandika neno la kwanza tu kwenye simu. Akaletewa habari za mtu aliyewachoma binadamu wenzake ndani ya sanamu ya fahali.

"Baba, hawa ndege unawalisha nini?"

Mtoto hakukosea. Jina ni lile lile, herufi kwa herufi. Phalaris ni jenasi ya nyasi yenye spishi zipatazo 20, na Phalaris ni mtawala wa mabavu aliyeushika mji wa Akragas, ambao leo unaitwa Agrigento, kisiwani Sicily, kuanzia takriban mwaka 570 hadi 554 KK. Anayekutana na majina haya kwa mara ya kwanza hudhani kuwa moja limezaa jingine: labda mtaalamu fulani wa mimea aliona nyasi yenye sumu, akamkumbuka yule katili, akaipachika jina lake. Kisa kingenoga, hasa kwa vile baadhi ya nyasi hizi kweli zina sumu. Lakini sivyo ilivyokuwa.

Tuanze na sauti. Kwa Kigiriki cha kale maneno haya hayakutamkwa sawa. Jina la mtu lilikuwa Phálaris, sauti ikipanda mwanzoni. Jina la nyasi lilikuwa phalarís, sauti ikipanda mwishoni. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, maana naye anayo barabara ya kupitisha magari, yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na anayo barabara ya kusema mambo yamekaa sawasawa, ambayo mkazo wake umesogea nyuma silabi moja. Kwenye karatasi huoni tofauti yoyote. Ukisikia mtu akisema, hukosei. Majina ya Kigiriki yalipohamia kwenye Kilatini, alama za sauti zikaachwa njiani, na mtu na nyasi wakajikuta wanavaa kanzu moja.

Maana yake je? Phalaros kwa Kigiriki ni mwenye baka jeupe. Neno phalaris lilitumika pia kwa kukuziwa, yule ndege mweusi wa maji mwenye paji jeupe la uso, ambaye ndugu yake anaonekana kwa wingi ziwani Naivasha. Vibati ving'aavu vya kupamba hatamu za farasi viliitwa phalara. Theokritos, mshairi wa Sicily wa karne ya 3 KK, ana mchungaji anayemwita mnyama wake mmoja Phalaros, kama wafugaji wetu wanavyomwita ng'ombe kwa rangi ya ngozi yake. Na ukiangalia suke la nyasi ya kanari utaona mantiki ya jina: limefumbata kama yai, na kila kiganda ni cheupe chenye mistari ya kijani. Shambani linang'aa kuliko nyasi zote zilizolizunguka.

Daktari Mgiriki Dioskorides, katika karne ya 1 BK, aliitaja phalaris kama mmea wa dawa wenye mbegu nyeupe mfano wa mtama mdogo, akisema maji yake yanafaa kwa maumivu ya kibofu. Mwaka 1753, Linnaeus wa Sweden alipokuwa akiipa mimea majina ya maneno mawili mawili tunayoyatumia hadi leo, alilichukua neno hilo la kale likiwa tayari ni jina la nyasi. Mtawala hakuhusika.

Sasa huyo mtawala. Akragas ulikuwa mji mchanga, uliojengwa karibu mwaka 580 KK na walowezi wa Kigiriki waliotoka Gela, upande huo huo wa kusini mwa Sicily. Jinsi Phalaris alivyoupata, kwa masimulizi ya Polyaenus aliyeandika karne nyingi baadaye, inaanzia kwenye kitu tunachokijua vizuri sana: tenda. Mji ulitaka kumjengea Zeus hekalu, na Phalaris akaomba asimamie kazi. Alishauri lijengwe juu kilimani, kwenye mwamba mgumu. Akapewa fedha. Akaajiri wageni wengi, akanunua mateka, akapandisha mawe, mbao na chuma. Baadaye akatangaza kwamba vifaa vinaibwa, na wananchi, wakiionea uchungu mali yao, wakamruhusu azungushe ukuta kilele chote. Hapo alikuwa na ngome, na jeshi, na silaha, vyote vikiwa vimelipiwa na mji. Akangoja sikukuu ya Demeter, mungu wa mavuno, watu wakiwa kwenye sherehe, akashuka na mateka aliowafungua minyororo wakiwa na mashoka na mawe. Kama hayo yote yalitokea hivyo hasa, sitaapa. Lakini Aristotle naye anamtaja miongoni mwa watawala wa mabavu waliopanda kutoka kwenye vyeo vya umma, kwa hiyo kiini cha habari hakikubuniwa na Polyaenus.

Fahali ndiye aliyemfanya Phalaris akumbukwe. Inasimuliwa kwamba fundi wa shaba aliyeitwa Perilaos, wengine husema Perillos, alimletea sanamu ya fahali yenye uwazi tumboni na kijilango mgongoni. Mtu anafungiwa ndani, moto unawashwa chini, na mirija iliyowekwa puani inageuza vilio vyake kuwa mlio wa ng'ombe. Phalaris akamwambia fundi aingie aonyeshe sauti inavyotoka, na kijilango kikafungwa. Phalaris mwenyewe aliangushwa na watu wakiongozwa na Telemachos, na wapo wanaosimulia kwamba naye aliishia tumboni mwa fahali yule yule.

Ushahidi wa kale kabisa tulio nao ni wa mshairi Mgiriki Pindar, katika wimbo wa mwaka 470 KK wa kumsifu Hieron, mtawala wa Syracuse. Anataja fahali wa shaba na moyo usio na huruma wa Phalaris, na kusema kwamba hakuna kinubi kinachomkaribisha kwenye nyimbo za vijana. Ni kama miaka themanini baada ya kifo chake, muda mfupi wa kutosha kwa wajukuu wa walioshuhudia kuwa bado hai, na mrefu wa kutosha kwa hadithi kunenepa. Mwaka 406 KK Wakarthago, watu wa Carthage huko Afrika Kaskazini, waliuteka mji wakachukua fahali wa shaba kama nyara. Mwaka 146 KK, jemadari wa Roma Scipio alipoiangusha Carthage, aliwarudishia watu wa Agrigentum, ndiyo Akragas kwa Kilatini, fahali aliyesemwa kuwa ndiye. Cicero, mwanasiasa wa Roma, anasimulia kwamba Scipio aliwaambia wapime wenyewe: kipi bora, kutawaliwa na watu wao au kuitii Roma? Unaona jinsi sanamu ilivyokuwa na kazi kwa kila aliyeishika. Mwanahistoria Timaeus alikana habari hizo za fahali, na baadaye mwanahistoria mwenzake Polybius akamjia juu kwa kutaja kijilango mabegani mwa yule aliyekuwa Carthage. Polybius alikuwa akibishana na marehemu kuhusu ng'ombe wa miaka mia nne iliyokuwa imepita.

Jina likawa tusi la siasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Roma, Cicero alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba haijulikani Kaisari atamfuata Phalaris au Peisistratos, yaani mkatili au yule dikteta mpole wa Athens.

Lakini Phalaris wa pili, wa kwenye vitabu, alikuwa akiandaliwa. Katika karne ya 2 BK, Lucian, bingwa wa kejeli, aliandika hotuba ya kumtetea, akimfanya Phalaris aeleze kwamba yeye ni mtu mwema aliyesingiziwa na kwamba fahali amempeleka zawadi kwa mungu wa Delphi. Pia kulikuwa na barua 148 zilizodaiwa kuandikwa na Phalaris mwenyewe. Ndani yake yumo mtawala msomi, mwenye kusamehe, anayeandikiana na washairi. Ulaya ilizipenda. Mwaka 1690 Sir William Temple, mwanadiplomasia Mwingereza, alizitolea mfano kuonyesha kwamba watu wa kale waliandika vizuri kuliko wa sasa. Mwaka 1695 kijana wa Oxford, Charles Boyle, akatoa chapa mpya, na kwenye dibaji akamrushia kijembe Richard Bentley, mtunza maktaba ya mfalme, kwa ugomvi wa kuazimana muswada.

Kijembe kilimgharimu. Bentley alijibu mwaka 1697, na kwa kirefu zaidi mwaka 1699, akizifumua barua hizo uzi kwa uzi. Barua zinataja vikombe vya mfinyanzi Therikles, wakati Therikles aliishi zaidi ya karne moja baada ya Phalaris kufa. Zinataja mji wa Phintia, uliojengwa yapata mwaka 280 KK. Zinahesabu fedha kwa talanta ya Athens, wakati Sicily ilikuwa na talanta yake yenye thamani tofauti kabisa. Na lugha ndiyo iliyouza siri: mtawala wa mji wa Wadori, Wagiriki wenye lahaja yao, anaandika Kigiriki cha Athens. Ni sawa na kuletewa barua inayodaiwa kuandikwa na Mngazija wa zama za kale, ukaikuta imejaa Kiunguja cha redioni. Hadi leo wanaosomea uhakiki wa maandiko ya kale hufundishwa kazi hiyo ya Bentley, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la manufaa zaidi lililowahi kutoka kwa Phalaris, ingawa yeye mwenyewe hakuandika hata mstari.

Kuna mahali pamoja ambapo mtawala huyu anakutana na majani, na si kwa sababu ya jina. Aristotle anasimulia kwamba watu wa Himera, pwani ya kaskazini, walikuwa wamempa Phalaris amri ya kijeshi na sasa walitaka kumpa walinzi wake binafsi. Mshairi wao Stesichoros akawatolea hekaya. Farasi alikuwa na uwanda wa malisho peke yake. Akaja kulungu, akamharibia majani. Farasi akamwendea mtu: unaweza kunisaidia nimlipize? Mtu akasema anaweza, ila farasi akubali kutiwa lijamu, naye apande mgongoni na mikuki yake. Farasi akakubali, mtu akapanda, na badala ya kulipiza kisasi farasi akawa mtumwa. Lijamu mmekwisha kuitia mdomoni, aliwaambia. Mkimpa na walinzi, mtakuwa mmeshampandisha mgongoni.

Basi turudi malishoni, maana huko nako kuna mkanganyiko. Mtu akisema "Phalaris ni sumu" au "Phalaris ni chakula", swali la kuuliza ni lile lile: Phalaris yupi?

Ile ya kwenye pakiti ni Phalaris canariensis, ya mwaka mmoja, asili yake maeneo ya Mediterania na visiwa vya Canary. Jina la visiwa hivyo, kwa maelezo ya Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, lilitokana na canis, mbwa kwa Kilatini, kwa sababu ya mbwa wakubwa waliokutwa huko. Ndege akaitwa kwa jina la visiwa, nyasi vivyo hivyo. Kwa hiyo pakiti ile inauza chakula cha ndege chenye jina la mbwa na la kukuziwa, na dikteta ameingia bila kualikwa. Punje yake ni kama nusu sentimita, imechongoka ncha zote mbili, na ganda lake linateleza mkononi kama ufuta. Msafirishaji mkubwa duniani ni Kanada, hasa jimbo la Saskatchewan.

Wanaoivuna wanaijua kwa kero nyingine. Ganda la aina ya kawaida lina vinywele vidogo vya silika, jamii ya kioo, na vumbi lake linawasha shingo na mikono siku nzima. Kaskazini mashariki mwa Iran, watafiti walikuta vinywele vya aina hiyo, kutoka kwa spishi nyingine ya jenasi hii, ndani ya unga wa ngano iliyovunwa pamoja na magugu, wakashuku kwamba vinachangia saratani ya umio iliyokuwa imekithiri huko. Ndiyo maana punje hii kwa muda mrefu ilibaki kuwa ya ndege. Mwaka 1997 wataalamu wa Saskatchewan walitoa aina isiyo na vinywele, na tangu katikati ya miaka ya 2010 aina za namna hiyo zimeruhusiwa kuliwa na binadamu Kanada na Marekani. Ni nafaka isiyo na gluteni.

Yenye sumu ni nyingine: Phalaris aquatica, zamani ikiitwa tuberosa, nyasi ya kudumu ya malisho iliyopelekwa Australia kutoka Mediterania. Ni malisho mazuri kwa kweli. Inavumilia ukame na inashika udongo. Tatizo ni machipukizi yake, hasa mvua inaponyesha baada ya kiangazi kirefu. Yana alkaloidi, yaani kemikali za mimea, za jamii ya triptamini, zinazovuruga mishipa ya fahamu. Kondoo aliyeathirika kichwa chake kinatikisika, anatembea kama mlevi, miguu ya mbele inakunjika akaenda kwa magoti, na ukimkurupusha ndipo anapoanguka kabisa. Hata kangaruu wamekutwa wakipepesuka hivyo hivyo.

Dawa yake iligunduliwa kwa njia ya kushangaza. Mnyama akipata kobalti ya kutosha, vijidudu vya tumboni humkinga, na inaelekea ni kwa kuivunja sumu kabla haijaingia mwilini. Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Australia walitengeneza "risasi" ya kobalti, kidonge kizito ambacho kondoo humezeshwa kikakaa tumboni kikitoa madini kidogo kidogo. Hiyo inazuia kupepesuka. Haizuii ile hali nyingine, ambapo mnyama mwenye njaa akifunguliwa kwenye machipukizi anakufa ghafla, wakati mwingine ndani ya saa chache. Kwa hiyo wafugaji hawafungulii kundi lenye njaa kwenye shamba linalochipua upya.

Ya tatu haikupata jina kwa sumu, lakini pengine ndiyo iliyowatoa watu jasho zaidi. Phalaris minor ni gugu la mashamba ya ngano ya kaskazini mwa India na Pakistan, ambako wengine huliita mandusi na wengine gulli danda, kama ule mchezo wa watoto wa kupiga kijiti. Likiwa changa linafanana na ngano kiasi kwamba mpaliliaji mzoefu hulivunja karibu na mzizi kuangalia: likitoa utomvu mwekundu, ndilo. Lilistawi pamoja na ngano fupi za Mapinduzi ya Kijani, zilizopata maji na mbolea nyingi. Wakulima wakapewa dawa ya kuua magugu iitwayo isoproturoni, wakaitumia mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 gugu la jimbo la Haryana, India, lilikuwa limeizoea. Wapo waliolazimika kukata ngano yao mbichi wakawape mifugo, kwa kuwa gugu lilishaizidi.

Ya nne, Phalaris arundinacea, ndefu kama matete, inasonga mabwawa ya Amerika Kaskazini, ilhali Finland iliwahi kuilima na kuichoma kwa ajili ya umeme. Baadhi ya wataalamu wameshaitoa kwenye jenasi na kuiita Phalaroides, basi na tuiache.

Jioni ile jirani alimjibu mwanawe kwamba mbegu za kanari hazina neno, na hapo alisema kweli. Kisha akamwonyesha kitu ambacho pakiti haikuandika. Kanari haimezi punje nzima. Anaishika kwa mdomo, anaizungusha kwa ulimi, ganda linapasuka na kuangukia kwenye chombo kile kile anachokulia. Mtu akichungulia kutoka mlangoni ataona chombo kimejaa, ataendelea na shughuli zake, na ndege atashinda na njaa mbele ya makapi.

"Kila asubuhi, mwanangu, puliza kwanza," alisema, akapuliza, na karibu vyote vilivyokuwemo vikapeperuka.